Dada Aliyeifundisha Kompyuta Saa Yetu

Simu iliita Fundi akiwa katikati ya upindo. Alikuwa anakunja sketi ya sare ya shule, mguu kwenye pedali, pini mdomoni, na kwa kuwa aliyepiga ni Katibu wa kanisa, aliiacha iite mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Akatema pini kiganjani, akapokea.

"Fundi, pole sana," Katibu alisema. "Dada yako amepumzika sasa hivi. Niko hapa hospitali na Mchungaji. Mama yenu tuko naye, hawezi kuongea. Mungu awape nguvu."

Mguu wa Fundi ulikuwa bado unakanyaga pedali, na cherehani ikaendelea kushona, ikamaliza sketi, ikatoka nje ya kitambaa na kushona hewa.

"Unanisikia? Halafu, samahani, najua si wakati wake. Lile neno la siri la tovuti ya kanisa, dada amekuachia wewe?"

Hapo ndipo sauti ilipomrudia. "Mwili haujapoa, Katibu."

"Naelewa, binti, lakini kuna matangazo ya..."

Akamkatia simu. Alimwomba Mungu ampokee dada yake, na papo hapo akamwomba amzuie yeye asije akamtia mtu mkasi. Sala zote mbili alizisema kwa moyo wake wote. Kisha akaukata ule uzi mrefu usioshika kitu, akaitundika sketi ya watu ukutani, akafunga duka.

Dada mtu alikuwa mpiga chapa. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika chumba kimoja kando ya zahanati, chenye dirisha la kuhudumia wateja, mashine ya kutoa nakala iliyokohoa kuliko wagonjwa wa jirani, na kiti kilichofungwa mguu kwa waya. Alianza na taipureta, baadaye kompyuta. Watu walimletea barua za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, za kuomba radhi, na ratiba za mazishi. Alichapa bila kutazama vidole, huku akimkemea mwenye barua: "Umesema una uzoefu wa kutosha. Uzoefu wa nini? Wa kulala?" Walimwita Mama Chapa, ingawa hakujaliwa mtoto. Mume aliwahi kuwa naye, akaenda zake, na habari yake aliisema mara moja tu: "Aliondoka na redio. Redio naikumbuka."

Kisha simu zikaingia mikononi mwa kila mtu, barua wakawa wanajiandikia wenyewe. Dirisha la Mama Chapa likawa la watu wanaouliza njia. "Zahanati ni mlango wa pili," alisema kutwa, "mlango wa pili," mpaka alipochoka.

"Njoo tushone wote," Fundi alimwambia.

"Nije nikushikie mkasi? Vidole hivi vinajua herufi, mdogo wangu. Upindo siujui."

Akaenda kujiandikisha chuo cha kompyuta kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Fundi alimsindikiza siku ya kwanza, ndiyo maana yaliyofuata aliyaona kwa macho yake. Mwalimu, kijana mwenye viatu vyeupe, hakuinua hata kichwa.

"Kozi ya kadi za harusi ni chumba cha mwisho, mama."

"Nimekuja kujifunza tovuti."

Sasa aliinua kichwa. "Tovuti? Unamwandikisha mwanao?"

"Mwanangu ni wewe, kama una adabu. Kiti changu kipi?"

Darasa likaangua kicheko. Fundi hakujua wanamcheka nani kati ya wale wawili. Dada mtu alijua, akaketi hivyohivyo.

Kwanza walifundishwa kurasa zilizolala tu, zile ambazo ulichoandika leo kinakaa mpaka wewe mwenyewe urudi kukibadili. Baadaye ikaja lugha inayopandikizwa ndani ya ukurasa wenyewe, katikati ya maneno ya kawaida. Hiyo ndiyo iliyomtia wazimu. Alikuja nayo nyumbani kwa mama yao, akaizungumza kwa sauti ya kushinda kelele za sufuria na wajukuu wa jirani, hadi Fundi akamwambia aiseme kwa lugha ya watu.

"Haya. Ukurasa ni sketi. Lugha hii ni lastiki. Unafungua upindo kwa alama, unapitisha lastiki, unafunga kwa alama. Mvaaji haoni lastiki. Anaona sketi imemkaa."

"Na nani anaivuta?"

"Seva. Ile kompyuta inayotunza kurasa. Inasoma maagizo yangu kwanza, inayatekeleza, halafu inampa msomaji jibu tu. Nikiiagiza iandike tarehe, leo itaandika ya leo, kesho ya kesho, na mimi nimelala."

Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na agizo moja: andika Bwana asifiwe. Aliubofya kama anavyofungua barua, na maagizo yote yakamwagika kwenye kioo, alama, mabano na nukta, kama matumbo ya kuku.

"Mama, umeufungua moja kwa moja," yule mwalimu akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Seva hujaiwasha. Nani akusomee maagizo yako, malaika?"

"Malaika wana adabu kuliko wewe."

Aliwasha seva, akaupitia ukurasa kwa anwani yake, na kioo kikamwambia: Bwana asifiwe. Dada mtu akajibu "Amina" kwa sauti, na wakamcheka tena. Kesho yake alisahau nukta mkato mwisho wa agizo, ukurasa ukagoma kabisa, mweupe kama shuka. Alipomsimulia mdogo wake, Fundi alisema, "Kumbe ni kama fundo la mwisho wa uzi." Dada mtu akapiga meza: "Umeona? Wewe umeelewa, na lile jitu lenye viatu vyeupe lilinieleza wiki nzima."

Mchungaji alipomruhusu atengeneze tovuti ya kanisa, Katibu alinuna. Katibu alikuwa na ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli, na ufunguo wake aliuvaa kiunoni. Ibada, vikao, harusi, kila saa ya kila jambo ilipita mkononi mwake, na alipenda kuulizwa. Alipenda mtu asimame mbele yake kofia mkononi aseme, "Katibu, eti saa ngapi?" Sasa akaja mwanamke wa dirishani na kitu ambacho mtu anakifungua kitandani kwake bila kumwuliza yeyote.

Na hicho kitu, hakuna haja ya kuficha, kilianza kwa aibu.

Juu kabisa ya ukurasa dada mtu aliweka ibada inayofuata. Aliiagiza lugha yake itazame saa, na muda wa ibada ukishapita iandike yenyewe: Ibada imekwisha, karibu Jumapili ijayo. Jumapili ile kulikuwa na kwaya ya wageni kutoka ng'ambo ya mto, na ibada ilikuwa ya saa nne asubuhi. Aliandika 4. Jioni ya Jumamosi aliutazama ukurasa na ulikuwa sawasawa, akalala kwa amani. Asubuhi wageni walipofungua simu zao, tayari wamepakia vyombo garini, walikuta ibada imekwisha na wanakaribishwa wiki ijayo. Wakashusha vyombo. Kanisani viti vya mbele vikabaki vitupu, na wakati wa matangazo Katibu akasimama, akakohoa vizuri.

"Wapendwa, wageni wetu hawatakuja. Tovuti yetu imemaliza ibada kabla ya jogoo kuwika."

Walicheka mpaka wazee. Mama yao aliinamisha uso. Dada mtu alitazama mbele, madhabahuni, akaimba wimbo uliofuata beti zote. Tangu siku hiyo wakamwita Imekwisha. "Shikamoo, Imekwisha!" watoto walimpigia kelele njiani, na waliowafundisha walikuwa baba zao.

Mchana huohuo Fundi alimkuta mbele ya kompyuta, bado amevaa gauni la ibada.

"Nimeliona," dada mtu alisema. "Kompyuta inaanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunaanza jua likitoka. Saa nne yetu kwake ni kumi. Nilipoandika nne, yeye alielewa alfajiri watu wamelala."

"Basi iandikie kumi."

"Na watu wasome kumi? Watakuja jioni." Akavuta kiti. "Ama mimi nijifunze saa yake, ama yeye ajifunze yangu. Na mimi ni mkubwa kwake. Ataniamkia yeye."

Akaiagiza kwamba saa yoyote itakayoandikwa pale aichukue kama watu wanavyoisema, aongeze sita kimyakimya kwa hesabu zake mwenyewe, na akimwonyesha msomaji aseme tena kama watu: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Toka siku hiyo tovuti haikukosea hata mara moja. Lakini nani alikuwa na haja ya kujua hilo? Katibu alikwishapata neno lake na hakuwa tayari kulitema. Tovuti ikisema sahihi kila wiki, yeye kila wiki alisema, "Hakikisheni ubaoni, msije mkaambiwa imekwisha."

Figo zilipoanza kumsumbua, dada mtu alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Saa za kutazama wagonjwa Fundi alimpelekea uji na laptopu. Dada mtu aliiweka juu ya mapaja yake yaliyokuwa yamevimba, akamfundisha mdogo wake: hapa unafungua, hapa unaandika jina la ibada, hapa tarehe, hapa saa, nukta mkato, hapa unahifadhi.

"Saa andika kama unavyosema," alimwambia. "Usijitie ujuaji."

"Sawa."

"Na neno la siri nimekupa kwa mdomo. Katibu asilipate. Anataka kuifunga."

"Si umwachie Mungu haya mambo, dada? Pumzika."

"Mungu nimemwachia roho yangu. Tovuti nakuachia wewe."

Ndiyo maana Fundi alikata simu siku ile. Alijua lile neno la siri linatakiwa kwa kazi gani. Tovuti ikifungwa, kitu pekee ambacho kingebaki cha dada yake midomoni mwa watu ni lile jina la kejeli.

Jioni Mchungaji na Katibu walifika nyumbani kwa mama kupanga. Sebuleni wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wanaume uani kwenye viti vya kuazima. Wakakubaliana mazishi yawe kesho, saa nane mchana.

"Nitabandika ubaoni," Katibu alisema, "na nitatuma kwenye kundi la simu la washirika. Kwenye ile tovuti tusiweke. Tusije tukamzika kabla hajafika."

Mtu mmoja uani akapumua kicheko puani. Fundi, aliyekuwa anamimina chai, aliiweka birika chini.

"Rudia, Katibu."

"Natania tu, binti. Msiba si lazima tununiane."

"Katanie kwenu."

"Fundi!" mama yake akasema kutoka mkekani.

"Mama, niache. Miaka yote alimtania kanisani, na sasa amemfuata mpaka kwenye msiba wake. Tangazo la dada yangu litakaa kwenye tovuti ya dada yangu, na nitaliweka mimi."

"Wewe? Umesomea wapi?"

"Kitandani kwake. Wewe ulikuwa wapi?"

Mchungaji aliinua mkono. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umeyaacha mengi yapite. "Fundi aliweke," alisema. "Likikaa vizuri, Katibu, suala la kuifunga usilitaje tena. Likikaa vibaya, Fundi, tutakuomba lile neno."

Fundi akaingia chumbani, akaketi kwenye kitanda ambacho yeye na dada yake walilalia utotoni, akafungua laptopu. Aliandika jina. Aliandika tarehe. Kwenye saa akasita. Ile Jumapili ilimjia yote, viti vitupu, wazee meno nje. Hapana, safari hii hawatampata. Akahesabu kwa vidole kama kompyuta: saa nane yetu kwake ni kumi na nne. Akaandika 14, akaweka nukta mkato kwa uangalifu kama anayefunga fundo, akahifadhi. Ukurasa ulipofunguka aliona jina la dada yake limekaa juu, mahali pa ibada inayofuata, na macho yakajaa. Hakusoma zaidi.

Hakuwa amemaliza kunawa uso aliposikia sauti ya Katibu uani. Sauti ilikuwa na furaha, na hilo ndilo ambalo Fundi hakumsamehe hata baadaye.

"Saa mbili usiku! Njooni msome wenyewe. Mazishi, kesho, saa mbili usiku. Jamani tunazika kwa tochi?"

"Ukoo mzima ni Imekwisha," mtu akasema.

"Mchungaji, umeona. Naomba sasa tupewe lile neno la siri, tumalize."

Fundi alitoka na laptopu mkononi. Alitaka kumpiga nayo, na alikuwa na nguvu za kutosha. Akaketi kwenye kizingiti mbele ya wote, akaifungua magotini, akautazama mstari wake. Kumi na nne. Kisha akasikia kama dada yake yuko pale, na kero yake yote: usijitie ujuaji. Dada alikwisha kuiagiza iongeze sita. Yeye naye ameongeza sita, kama mtu anayetia sukari kwenye chai yenye sukari. Kompyuta ilikuwa imefanya ilivyofunzwa. Aliyekosea ni yeye, aliyeogopa midomo ya watu akaacha neno la dada yake.

Akafuta. Akaandika 8, kama anavyosema.

"Fungua upya, Katibu."

"Nimekwisha kusoma."

"Fungua upya, usome. Kwa sauti ileile."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Katibu aliburuta kidole kwenye kioo, akasoma, na sauti ilikuwa imepungua: "Ibada ya mazishi. Kesho, saa nane mchana."

"Kosa lilikuwa langu," Fundi alisema. "Kazi ya dada yangu haina kosa. Andika unavyosema, inasema ulivyoandika."

"Lakini lilikaa vibaya," Katibu alisema, akimgeukia Mchungaji. "Tulikubaliana. Na waliosoma kwamba ni usiku je? Watakuja lini?"

"Kesho tutaona watakuja lini," Mchungaji alisema.

Fundi aliifunga laptopu. Aliomba. Aliomba kwa meno yaliyokazwa, akiwa na hasira hata na Mchungaji, na hakudhani kwamba Mungu anazikataa sala za namna hiyo.

Siku ya pili jua lilikuwa kali. Muda mfupi kabla ya saa nane gari lilisimama nje ya kanisa, na watu wenye majoho ya kijani wakaanza kushuka mmoja mmoja. Ilikuwa ile kwaya ya ng'ambo ya mto, ambayo haikuwahi kurudi tangu Jumapili ile. Kundi la simu la washirika hawakuwamo, na ubao wa Katibu hauonekani kutoka kwao. Kiongozi wao, mwanamke mnene wa sauti nzito, alimshika Fundi mkono.

"Poleni. Tulisoma kwenye tovuti yenu, bado huwa tunaifungua."

"Mlisoma saa ngapi?"

"Saa nane. Kuna aliyesema aliona saa mbili usiku. Safari hii tukasema hatushushi vyombo, tunafungua mara ya pili."

Katibu alikuwa amesimama karibu na ubao wake, akasikia. Mchungaji alimtazama, na Katibu akajishughulisha na ufunguo; neno la siri hakuliuliza tena.

Ibada ilianza kwa wakati. Wageni waliketi viti vya mbele, vilevile. Fundi alisoma maisha ya dada yake: alikozaliwa, shule aliyoishia, chumba cha kando ya zahanati, chuo cha ghorofani, tovuti. Alipofika kwenye tovuti aliinua macho, akatazama watu mpaka walioinamisha nyuso wakaziinua. Akasoma mpaka mwisho, akaketi.

Makaburini jeneza liliteremshwa kwa kamba. Mchungaji alisema mavumbi kwa mavumbi. Mama alitupa udongo wa kwanza, Fundi wa pili, kisha watu wakapita kwa mstari. Katibu naye alitupa udongo wake, akapangusa mikono. Alipopita mbele ya wafiwa alimpa mama mkono. Fundi hakumpa wake, na Katibu hakuusubiri. Kwaya iliimba wanaume walipokuwa wanafukia. Walipomaliza, waliweka shada moja la maua na msalaba wa mbao wenye jina lake lililoandikwa kwa rangi nyeupe.

Wakati wa kurudi Fundi alifungua simu. Ibada imekwisha, ukurasa ulisema. Karibu Jumapili, saa nne asubuhi. Akairudisha mfukoni, akamshika mama yake mkono, wakafuata njia ya nyumbani pamoja na wengine.